Safu ya Ushauri: Kampuni ya viyoyozi ya watu kumi, je, tuwakabidhi wengine mishahara na bima?

Barua

Kwenu washauri, salaam.

Nina kampuni ndogo ya viyoyozi na vipasha joto hapa Fort Worth, Texas. Ni kampuni inayotozwa kodi kama S-corp, yaani faida yake inatozwa kodi kwa wenye hisa wenyewe. Tuko kumi kwenye mishahara: mimi, mke wangu anayeshika ofisi, dada anayepokea simu na kuwapangia mafundi kazi, mafundi sita na msaidizi mmoja. Kuna pia vijana wawili wanaokuja msimu wa joto, hao nawalipa kwa 1099, kama wakandarasi wa kujitegemea. Mishahara yote ya mwaka inafika kama dola 540,000.

Mwaka huu mafundi wawili wazuri wamehamia kampuni kubwa, na wote walitaja sababu moja: bima ya afya. Sisi hatuna. Mke wangu naye amechoka kuhesabu saa na makato kila wiki mbili hadi usiku wa manane.

Wamekuja mawakala wawili wa zile kampuni za PEO, zinazochukua mishahara, kodi na bima za wafanyakazi wako kama mwajiri mwenza. Wa kwanza anataka asilimia 17 ya mishahara na anasema humo mna kila kitu isipokuwa bima ya afya. Wa pili anataka dola 135 kwa kila mtu kwa mwezi, halafu kodi na bima ya ajali kazini atanitoza kama zilivyo. Shemeji yangu ananionya kwamba nikisaini tu, wafanyakazi si wangu tena. Ni kweli? Bei ipi ina nafuu? Nini kitabaki mikononi mwangu? Halafu mafundi wanauliza kama bima hiyo itawafaa wazazi wao walioko Kenya na Tanzania.

Baba Neema

Jibu

Baba Neema, shemeji yako ameshika nusu ya jambo. Ukisaini na PEO, watu wako wanakuwa na waajiri wawili kwa wakati mmoja. PEO ni mwajiri wa makaratasi: mishahara inapita kwake, kodi zinalipwa kwa namba yake ya mwajiri (EIN), W-2 ya Januari (fomu ya mshahara na makato ya mwaka) inatoka kwake, na bima ya ajali kazini yaweza kuwa ya kwake pia. Wewe ni mwajiri wa kazi yenyewe. Unaajiri, unaamua nani aende kwa mteja gani, unapandisha mshahara, unaachisha. Mgawanyo huo lazima uwe kwenye mkataba wa maandishi. Ndivyo inavyotaka sura ya 91 ya sheria ya kazi ya Texas. Mafundi hawatoki mikononi mwako. Kifungu cha kusoma mara mbili ni kile kinachoipa PEO haki ya kumkataa mtu uliyemchagua, kwa mfano kwa sababu ya kipimo cha dawa za kulevya au rekodi ya udereva. Uliza haki hiyo inaishia wapi.

Jambo unalopaswa kulishika kabla ya hesabu yoyote ni hili: unanunua vitu vitatu ambavyo vimefungwa pamoja makusudi. Kuna kazi ya ofisi (mishahara, kodi, fomu), kuna bima ya ajali kazini, na kuna nafasi ya kuingia kwenye bima ya afya ya kundi kubwa. Vikifungwa pamoja huwezi kujua kipi ni rahisi na kipi kinakunyonya. Kazi yako ni kuvifungua.

Tuanze na huyo wa asilimia 17, maana bei ya namna hiyo ndiyo inayopoteza wengi. Asilimia 17 ya 540,000 ni dola 91,800 kwa mwaka. Ndani yake mna kodi ambazo ungelipa hata bila yeye. Sehemu ya mwajiri ya Social Security na Medicare (pensheni ya serikali na bima ya afya ya wazee) ni asilimia 7.65, yaani 41,310. Kodi ya shirikisho ya ukosefu wa ajira ni asilimia 0.6 ya dola 7,000 za kwanza za kila mtu, dola 42 kwa kichwa, 420 kwa watu kumi. Ya Texas inatozwa kwenye dola 9,000 za kwanza. Tukichukua asilimia 2.7, ni 243 kwa kichwa na 2,430 kwa wote. Kiwango chako halisi kiko kwenye barua ambayo TWC, ofisi ya kazi ya Texas, hukutumia kila mwaka, basi weka hicho. Jumla ya kodi ni 44,160. Zinabaki 47,640.

Sasa omba wakala wa bima wa kawaida, asiyehusika na PEO yoyote, akupe bei ya bima ya ajali kazini peke yake. Tuseme, kwa mfano tu, amekutajia dola 4 kwa kila dola 100 za mishahara ya walio kazini nje, na senti 20 kwa wa ofisini. Ukiwa na 450,000 za nje na 90,000 za ofisini, inakuja 18,180. Toa hiyo: zinabaki dola 29,460. Hiyo ndiyo ada ya PEO, nayo ni dola 245 na senti 50 kwa kila mtu kwa mwezi. Mwenzake anataka 135, yaani 16,200 kwa mwaka. Kwa mfano huu tofauti ni 13,260, na haikuonekana popote kwenye karatasi aliyokuachia.

Asilimia moja kwa wote ina ubaya mwingine unaouma hasa kampuni ya viyoyozi. Kodi za ukosefu wa ajira hukoma mtu akishapita 7,000 na 9,000, na kwa fundi wako hilo hutokea mapema sana mwakani. Asilimia 17 haikomi. Inaendelea hadi Desemba kana kwamba kodi bado inadaiwa. Kisha fika Julai na Agosti, mafundi wanafanya saa 55 kwa wiki, na kila dola ya ovataimu na ya bonasi inakatwa asilimia ileile. Kwa bima ya ajali iliyokatwa kwa njia ya kawaida Texas, ile nyongeza ya nusu kwenye saa za ziada haihesabiwi kwenye mishahara ya kutozwa bima, mradi kumbukumbu zako zinaitenganisha. Kwenye bei ya kufungwa unailipia. Hivyo mwezi unaofanya kazi zaidi ndio mwezi PEO inavuna zaidi, bila karatasi hata moja kuongezeka. Kwetu sisi, huyo wa kwanza angerudi na ankara yenye mistari iliyotenganishwa, au asirudi.

Wa pili asikupite hivihivi eti kwa sababu 135 inaonekana safi. Muulize: ada ya kuanza ni kiasi gani? Malipo ya nje ya ratiba (fundi kaachishwa leo, anatakiwa alipwe) yanatozwa? W-2 zina bei yake? Usimamizi wa akaunti za kustaafu? Na neno hilo "kama zilivyo" liandikwe kwenye mkataba kwa namba: kodi ya serikali ile ile inayolipwa kweli, bima ya ajali kwa kiwango cha kila kundi la kazi, bila kuongezwa juu.

Makundi ya kazi yenyewe yakague kwa macho yako. Mafundi wa kufunga na kutengeneza viyoyozi na vipasha joto huwekwa namba 5537. Anayefanya kazi ya ofisini tu huwekwa 8810, ambayo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha. Kosa hutokea pande zote mbili. Mara mke wako na dada wa simu wanatupwa kwenye 5537 kwa uvivu wa aliyejaza fomu, na unalipia ofisi kana kwamba inapanda mapaa. Mara dada wa simu ameandikwa 8810 lakini siku za joto anawapelekea mafundi kapasita na mota kwa gari. Mkaguzi akigundua, anahamishwa na unadaiwa tofauti ya mwaka mzima.

Hukusema kama una bima ya ajali kazini sasa. Texas haimlazimishi mwajiri binafsi kuwa nayo, ndiyo maana wengi hawana. Lakini asiye nayo, msaidizi akianguka kutoka darini akamshtaki, haruhusiwi kujitetea kwamba kijana alizembea mwenyewe, wala kwamba aliijua hatari, wala kwamba kosa ni la fundi mwenzake. Silaha zote tatu amenyang'anywa na sheria. Zaidi ya hapo, asiye na bima anatakiwa kuwaarifu wafanyakazi wake na kujaza Fomu DWC-005 kila mwaka, na kazi za ujenzi za serikali hazigusi. Kwa watu wanaopanda ngazi na kuingia darini wakati wa kiangazi cha Texas, tunashauri uwe nayo, upitie PEO au usipitie. Ukipitia PEO, hakikisha cheti cha bima kina jina la kampuni yako, na uliza kinatoka baada ya muda gani mkandarasi mkuu akikiomba. Cheti kikichukua siku tano, kazi ya Jumatatu imeshakwenda kwa mwingine.

Bima za magari na ya dhima kwa wateja hazimo kabisa. Hizo zinabaki zako, pamoja na leseni yako ya mkandarasi.

Nani analipa kodi kweli?

Hapa ndipo tungeweka uangalifu mkubwa kuliko bei. PEO inakata kodi kwenye mishahara na kuilipa kwa namba yake, kwa hiyo wewe ukiingia EFTPS, mfumo wa serikali wa kulipia kodi, hutaona malipo hayo kwenye akaunti yako. Ikiwa pesa imechukuliwa na haikufika IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, PEO ya kawaida haikukingi: deni linakurudia, na mwenye kampuni anaweza kufuatwa yeye binafsi kwa zile kodi zilizokatwa kwa wafanyakazi.

Kuna PEO zilizothibitishwa na IRS, zinaitwa CPEO. Utaratibu huo uliletwa na sheria ya 2014. CPEO ndiyo inayobeba peke yake deni la kodi za ajira za shirikisho kwa mishahara inayoilipa, inaweka dhamana ya fedha, na inakaguliwa hesabu zake. Orodha ya CPEO iko wazi kwenye tovuti ya IRS. Tafuta jina kamili la kisheria lililo kwenye mkataba wako. Kundi moja la makampuni linaweza kuwa na tawi lenye cheti na tawi lisilo nacho, na ukasainishwa na lile la pili. Mkataba ukianza, CPEO hupeleka Fomu 8973 IRS ndani ya siku 30, nawe unatia sahihi. Dai nakala.

Pia lazima iwe na leseni ya Texas. Anayetoa leseni hiyo ni TDLR, ofisi ileile iliyokupa leseni yako ya viyoyozi, kwa hiyo ukurasa wa kutafutia majina unaujua tayari.

Kuna njia ya tatu ambayo mawakala hao hawakukutajia, na kwa watu kumi ndiyo tungeipima kwanza. Kampuni ya kulipa mishahara tu inakokotoa, inakata, inapeleka Fomu 941 (taarifa ya kodi za mishahara) kila robo mwaka na kuandaa W-2, lakini yote kwa namba yako wewe. Haiwi mwajiri mwenza, malipo ya kodi unayaona EFTPS, na gharama yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ada ya PEO. Ukiiongezea bima ya ajali unayoilipa kila mara mishahara inapotoka, na bima ya afya ya kikundi kidogo, mke wako amepumzika na mafundi wana kadi ya hospitali. PEO inastahili ada yake ikiwa tu bei yake ya afya au ya ajali inashuka kuliko hii kwa kiasi kinachozidi zile 16,200.

Bima ya afya

Ukiwa chini ya watu 50 wa muda wote, sheria ya shirikisho haikulazimishi kutoa bima. Unaitoa ili usikimbiwe. Mlinganisho wake una mtego mmoja ambao watu wachache huuona. Bima ya kikundi kidogo unayonunua mwenyewe haiwezi kupandishwa bei kwa sababu fundi wako ana kisukari au figo. Kinachoruhusiwa kuangaliwa ni umri, mahali, uvutaji tumbaku na idadi ya wanafamilia. Bima kubwa ya PEO, kwa upande wake, mara nyingi huanza na dodoso la afya au makadirio ya hali ya kikundi chako ndipo upangiwe bei. Kwa hiyo vijana wenye afya wanapata nafuu PEO. Kampuni yenye mgonjwa mmoja mkubwa mara nyingi hukaa vizuri zaidi kwenye kikundi kidogo. Omba bei zote mbili kwa orodha ileile ya watu, na umwombe PEO akuonyeshe ongezeko la miaka mitatu iliyopita. Bei tamu ya mwaka wa kwanza ni chambo cha kawaida.

Bima za kikundi kidogo huwa na sharti la wangapi wajiunge na mwajiri achangie kiasi gani. Mafundi wenye bima kupitia wake zao kwa kawaida hawakuharibii hesabu, lakini vijana wasiotaka kukatwa hukuharibia. Dirisha la kulikwepa sharti hilo hufunguliwa kila mwaka Novemba 15 hadi Desemba 15 kwa bima inayoanza Januari 1. Ikiwa unaona watu wako hawatafika idadi, omba ndani ya dirisha hilo.

Ukichagua lolote, fungua pia mpango wa Kifungu cha 125 cha sheria ya kodi ya shirikisho ili sehemu anayokatwa mfanyakazi ikatwe kabla ya kodi. Watu wanane wakikatwa dola 200 kwa mwezi, ni 19,200 kwa mwaka, na kampuni inaokoa karibu dola 1,470 za Social Security na Medicare, nao kiasi kama hicho pamoja na kodi ya mapato. Tumesema wanane kwa sababu wewe na mke wako hamuingii: mwenye zaidi ya asilimia 2 ya S-corp, na mwenzi wake, hawaruhusiwi. Ada zenu za bima zinazolipwa na kampuni zinaongezwa kwenye mshahara ulioandikwa W-2, kisha mnaziondoa kwenye kodi yenu binafsi. PEO hukosea hapa mara kwa mara kwa kuwa mfumo wao unamchukulia kila mtu kuwa mfanyakazi wa kawaida. Waambie kwa maandishi nani ni mwenye hisa.

Kama bei zote zimekushinda, kuna QSEHRA: kampuni ya chini ya watu 50 isiyo na bima ya kikundi inamrudishia mfanyakazi gharama ya bima aliyojinunulia, bila kodi, hadi kikomo cha mwaka. Mwaka 2025 kikomo kilikuwa dola 6,350 kwa mtu mmoja na 12,800 kwa familia. Taarifa ya maandishi wapewe siku 90 kabla ya mwaka kuanza. Anayepata ruzuku ya serikali kwenye bima yake atapunguziwa au kuikosa, kwa hiyo piga naye hesabu kabla hujafurahi.

Kuhusu wazazi walioko nyumbani: hapana. Bima ya afya ya kazini humchukua mwenzi na watoto, na mzazi aliyeko Kisii au Moshi hamo. Kitu kinachoweza kumfikia ni bima ya maisha ya kikundi, ambayo ni rahisi na haipewi uzito. Ikilipwa na kampuni, kinga ya hadi dola 50,000 haitozwi kodi kwa mfanyakazi wa kawaida, na mrithi anaweza kuwa mtu aliyeko Afrika Mashariki. Ndugu wote tunajua michango ya kusafirisha mwili inavyozunguka kwenye simu. Bima hii huipunguza. Jina la mrithi liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti au kitambulisho chake, si la utani wala la ubatizo pekee. Mtoto mdogo asiandikwe mrithi bila mtu mzima wa kumpokelea, kwa sababu kampuni ya bima haitamkabidhi pesa moja kwa moja.

Kinachobaki mikononi mwako

Saa. PEO inalipa kile ulichowatumia, na kosa la saa linabaki lako. Kwenye kazi hii makosa yanajulikana. Fundi akitoka kwake na gari la kampuni moja kwa moja hadi kwa mteja wa kwanza, safari hiyo kwa kawaida hailipwi. Akipita kwanza ghalani kupakia vipuri, saa imeanza hapo ghalani. Njia ya kutoka mteja hadi mteja inalipwa. Nusu saa ya chakula inayokatwa na mfumo kila siku, huku fundi anakula akiendesha gari, ni deni linalokua kimyakimya. Aliye zamu ya simu za usiku hulipwa anapoitwa. Akikaa nyumbani akiwa huru kufanya yake, kwa kawaida halipwi.

Kosa kubwa zaidi ni kamisheni. Wengi mnawapa mafundi kitu kidogo kila wakiuza mkataba wa matunzo au mashine mpya. Pesa hiyo inaingia kwenye kukokotoa ovataimu. Fundi wa dola 28 kwa saa, amefanya saa 50, amepata kamisheni ya 200. Saa 50 mara 28 ni 1,400, ongeza 200, ni 1,600. Gawa kwa 50, kiwango chake wiki hiyo ni dola 32. Saa 10 za ziada zinadai nusu ya 32, yaani 16 kila moja: 160. Anastahili 1,760. Wengi hulipa 40 kwa 28 na 10 kwa 42, kisha wanaongeza kamisheni: 1,740. Dola 20 zimepotea. Kwa mafundi sita, kila wiki yenye ovataimu, kwa miaka miwili ya kurudi nyuma (mitatu ikionekana ni makusudi), na mahakama inaweza kuizidisha mara mbili. Mweleze PEO kwamba kamisheni ipo na ni ya wiki ipi. Ukiituma kama "bonasi" ya mwisho wa mwezi bila kuigawa, mashine yao haitajua.

Usikate mshahara kwa geji iliyopotea au bampa iliyogongwa bila ridhaa ya maandishi inayotaja makato hayo, Texas inaitaka. Uliyemwachisha alipwe ndani ya siku 6. Fomu I-9, ya kuthibitisha kwamba mtu anaruhusiwa kufanya kazi Marekani, ikamilike ndani ya siku 3 za kazi tangu aanze, na mfanyakazi ndiye anayechagua nyaraka za kukuonyesha kutoka kwenye orodha. Usimwambie mtu "lete kibali cha kazi" kwa sababu tu ya lafudhi yake. Kibali chenye tarehe kifuatilie kabla hakijaisha; kadi ya kijani haikaguliwi tena ikiisha. PEO inaweza kukukumbusha haya yote, lakini nyaraka zinaangaliwa na mtu wako. Vyeti vya EPA 608 (vya kushika gesi za viyoyozi) na usajili wa mafundi TDLR navyo haviwahusu hata kidogo.

Sasa wale vijana wawili. Kama wanavaa fulana yako, wanapanda gari lako na kwenda wanakotumwa na dada wa simu, ni wafanyakazi, hata wakisema wenyewe wanapenda 1099. PEO haitawagusa, bima ya ajali haitawafunika, na mkaguzi wa bima akiwakuta atakutoza kwa ajili yao. Tena asiye na leseni yake ya mkandarasi hawezi kujiita mkandarasi mdogo wa kufunga viyoyozi Texas. Warekebishe kabla ya kusaini popote. IRS ina mpango wa hiari, Fomu 8952, wa kuwabadilisha kuwa wafanyakazi kwa kulipa sehemu ndogo ya kodi ya mwaka mmoja, lakini ni kwa aliyekuwa akituma zile 1099 kila mwaka. Kama hukuzituma, muone mhasibu kwanza.

Kuingia na kutoka

Anza Januari 1. Ukiingia katikati ya mwaka, mfanyakazi aliyeshalipa kutoka mfukoni sehemu yake ya kwanza ya gharama za hospitali anaanza upya kwenye bima mpya, na ukiwa na PEO isiyo CPEO, zile dola 7,000 za kodi ya shirikisho zinahesabiwa upya pia.

Mkataba uwe na kutoka kwa taarifa ya siku 30 bila faini. Uandikwe kwamba utapewa kila mwaka orodha ya madai ya ajali ya kampuni yako peke yako. Bila hiyo, siku ukitaka bima yako mwenyewe hutakuwa na historia ya kuonyesha, hata kama hakuna aliyejikwaa miaka mitano. Uliza kiwango chako cha TWC kitakuwa kipi ukirudi, likizo zilizobaki zinahamishwaje, na nani anashika akaunti za kustaafu. Bima ya afya ya PEO inakoma siku mkataba unapokoma, kwa hiyo mbadala uwe umeshasainiwa kabla ya taarifa kutumwa.

Kwa ratiba hiyo, Septemba omba bei ya bima ya ajali na ya afya kwa wakala wa kujitegemea, na kampuni ya mishahara ikupe yake. Oktoba waite PEO wawili au watatu, wote CPEO, kila mmoja ajaze karatasi yenye mistari ileile. Hadi katikati ya Novemba uwe umeamua, ili mafundi wapate wiki mbili za kuchagua bima na kwenda kuuliza wake zao. Kama umesoma barua hii Machi, chukua kampuni ya mishahara sasa hivi kwa ajili ya mke wako, na mengine yasubiri msimu huo.